Ndege za Mkia wa Waridi

Benchi la nje ya soko la Woolwich, London, lina wenyewe kila Jumamosi, na asiyejua akikalia hutazamwa mpaka anyanyuke mwenyewe. Kulia hukaa Norbert, Mkongo wa Bukavu anayeitwa Mheshimiwa, maana yeye haongei, anahutubia. Kushoto ni Asad wa Tanga, wa kazi za ghala, aliyebatizwa Rada kwa sababu hakuna habari inayompita. Marcelina huja na chupa ya kahawa ya tangawizi na ulimi usio na breki. Katikati ni mzee Telesphor, Baba Rubani, kwa ajili ya mwanawe Kelvin anayerusha ndege za Chompu, kampuni ndogo ya Kithai. Kelvin hupiga simu kila Jumamosi wakiwa hapo, mzee anaiweka spika, benchi zima linasalimia. Sasa Chompu imefungwa tangu katikati ya wiki, na simu imelala kimya mapajani mwa mzee.

— Tuliiona inaanza, jamani, alisema Asad. Vindege viwili vya pangaboi, vinapeleka watalii visiwani.

— Halafu wakaja na yale madege ya kukodi, ya kwenda mpaka Japani, alidakia Marcelina. Siku Kelvin alipotuambia kapanda cheo nilipiga vigelegele mpaka polisi akasimama.

— Hayo madege ndiyo yamewamaliza. Abiria wamepungua, wenye ndege wakaja kuchukua zao.

— Wapi! Rada yako imeharibika, alinguruma Norbert. Ile kampuni imeuawa na wali.

— Wali?

— Safari fupi vile, mtu hajafunga mkanda vizuri, analetewa wali wa moto na kuku! Kwetu unapanda boti siku tatu na muhogo wako mwenyewe.

— Acha kuusingizia wali, Mheshimiwa, alisema Marcelina. Ni rangi ile. Ndege ina mkia wa waridi kama keki ya send-off! Nani anapanda keki?

— Mimi nimesikia, Asad alishusha sauti, tajiri wao alikatazwa na mganga asiongeze ndege. Akaongeza.

— Mganga gani huyo?

— Wa Tanga. Wanatoka huko kote kuja kwetu.

— Nyote hamujui kitu, alisema Norbert. Zile ndege, zile avion, hazijakufa. Minawaambia, ziko Kisangani sasa hivi, zimepakwa nyeupe, zinabeba samaki.

— Umeziona?

— Shemeji yangu amekula hao samaki.

Wakacheka. Telesphor naye alitabasamu, basi tu. Kijana yuko peke yake huko Bangkok. Amekula? Amelala? Kumpigia aliogopa, maana Kelvin ndiye hupiga siku zote, na baba akipiga leo ataonekana anadai maelezo.

— Atapiga tu, mzee wangu, Asad alimpigapiga begani. Akipiga tumpe moyo sote kwa pamoja. Mheshimiwa ataanza.

— Hotuba iko tayari, alisema Norbert.

Hapo kando alikuwa amesimama Emérence, dada wa Kikongo wa kutunza wazee, anatoka shift na anasubiri basi. Marcelina alimsogezea nafasi, akammiminia kahawa. Emérence aliishika kwa mikono miwili.

— Samahani, papa. Huyo mtoto akipiga, anaongea na nani?

— Na mimi, baba yake.

— Na hawa?

— Wanasikia. Naiweka spika.

— Siku zote?

— Siku zote.

— Basi akitaka kulia, atalilia wapi?

Marcelina aliinamisha chupa juu ya kikombe cha mzee, ikatoa matone mawili ikakauka, naye akaendelea kuiinamisha vilevile.

Telesphor aliinuka. Alitembea hadi ng'ambo ya kituo cha basi, akalibonyeza jina la mwanawe na kuikandamiza simu sikioni. Iliita mpaka akakaribia kukata tamaa, ndipo ikapokewa.

— All good, Dad, all good, ilisema sauti ya Kelvin haraka haraka, ile ile ya kila Jumamosi. Hi, everyone.

— Hakuna everyone, baba. Nimetoka benchini. Niko peke yangu.

Kisha Kelvin, ambaye Kiswahili hukisikia tu na kujibu Kiingereza, akauliza polepole:

— Kweli, baba? Wewe tu?

— Mimi tu.

Kule benchini Rada alinyoosha shingo, na Marcelina akamvuta mkono wa koti mpaka akageukia sokoni. Norbert alikuwa ameshageuka mwenyewe. Sikioni mwa mzee kilio kilianza kidogo kidogo, cha mtu mzima aliyekuwa amekibana siku nyingi.

— Lia, baba, alisema Telesphor, na yeye macho yamemjaa machozi. Lia. Sikati.