Beki wa Chumvi Anarudi Mkange

Leo, Jumanne tarehe 30 Novemba 1954, Mwinyijuma Dadi anastaafu kazi hapa kwenye mabwawa ya chumvi ya Mbegani. Imetimia miaka ishirini na mitano tangu alipotoka kwao Mkange, akiwa na mkeka, kisu na ahadi kwamba angekaa msimu mmoja tu.

Karani ameniambia maneno haya ya kumuaga niandike mimi kwa sababu mimi ni Mnyamwezi na Mwinyijuma ni Mzigua, kwa hiyo ni watani. Mtu akiondoka, mtani wake ndiye mwenye ruhusa ya kumsema kweli, na yeye haruhusiwi kukasirika. Shule niliisoma miaka mitatu tu, basi msitegemee maneno ya wanavyuoni.

Mwinyijuma alianza kwa kukokota chumvi kwa reki kama sisi sote. Baada ya miaka sita akafanywa nyapara. Alikuwa mkali kwa kazi na mpole kwa mtu. Sisi tuliotoka bara alitusalimu kila asubuhi kwa lugha ya kwetu, "Mwangaluka!", na matamshi yake yalikuwa mabaya mno. Lakini mtu akiwa mbali na mama yake, hata salamu iliyovunjika huishika kwa mikono miwili.

Mpira wa magongo aliuleta karani mmoja Mgoa, Bwana Menezes, mwaka 1931. Wakati wa kiangazi bwawa la mwisho hukauka likawa jeupe na gumu kama sakafu, na hapo ndipo timu yetu, Chumvi, ilipochezea. Mwinyijuma alikuwa beki. Kisha Bwana Menezes akahamishwa, vita vikaja, wachezaji wakaenda jeshini, na magongo yakawa mipini ya reki. Timu ikafa.

Mwaka 1946 akaanza kuifufua peke yake. Alikata mizizi ya mikoko iliyopinda, akaichonga magongo, akatuita baada ya kazi. Tulikuwa tumechoka na miguu imeliwa na maji ya chumvi, tena hatukujua hata kulishika gongo. Bi Chausiku wa Zinga, aliyekuwa akituuzia mihogo, alisimama siku ya kwanza akatutazama, akasema, "Mwinyijuma, hao vijana wako wanafukua fuko?" Mechi yetu ya kwanza tulifungwa tisa bila. Bi Chausiku akauliza kama fuko amepatikana.

Kombe la Kiangazi la magongo tulilikosa mwaka ule, na uliofuata, na mingine. Kila mwisho wa msimu Mwinyijuma alimpelekea mkewe neno moja: mwakani. Mkange si Tabora. Kwetu mimi ni mwendo wa treni na siku za kutembea, kwake ni kuvuka mto Wami tu, na bado hakwenda ila siku chache za Idi. Jioni aliketi mahali alipoweza kuona upande wa kaskazini. Tulimtania sana, na yeye alicheka.

Mwishoni mwa mwaka 1952 mkewe, Bi Mwanamvua, akaja mwenyewe. Alitukuta uwanjani. Hakupiga kelele. Alisema mbele yetu, "Mume wangu, ukija bila kombe utakaa barazani ukitazama njia ya Bagamoyo. Mimi mume wa kutazama njia simtaki. Lichukue, kisha uje mzima." Kesho yake akarudi kulima mpunga wake. Tangu siku hiyo kila mmoja wetu alijua kwamba Kombe la Kiangazi ndilo linalomzuia mtu huyu asilale nyumbani kwake.

Mwaka jana tulikaribia. Tulicheza nusu fainali na Karakana, timu ya mafundi kutoka Dar es Salaam. Golikipa wetu ni Msabaha, Mkwere, mtani wetu pia. Mshambuliaji wao, Mnyamwezi mwenzangu, akaja na mpira mbio huku anapaza sauti: "Mkwere! Babu yako alimkimbia babu yangu akidhani pembe za ndovu ni meno yake!" Sasa Mkwere akitaniwa na Mnyamwezi atafanya nini? Ilimbidi Msabaha acheke, maana kununa mbele ya mtani ni aibu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Mpira ukapita kando ya mguu wake. Tukatolewa kwa goli hilo moja.

Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa kila mmoja angecheka. Mwinyijuma alikaa pale bwawani mpaka watu wote wakaondoka. Kisha akaja kambini, akasema, "Mtani anangoja. Mpira haungoji. Chekeni baada ya filimbi." Mwaka huu mzima alitufundisha hivyo. Sisi Wanyamwezi tulipewa kazi ya kuwatukana Wazigua na Wakwere wakati wa mazoezi, matusi ya utani ya kila aina, na aliyecheka alizunguka bwawa mbio. Msabaha alizunguka mpaka akakonda.

Mwezi wa sita ofisi ikamwambia kwamba umri umefika, na mwaka huu ni wa mwisho kwake, kombe lipatikane au lisipatikane. Tukashinda mechi zote za kiangazi. Fainali ikawa Oktoba, hapahapa Mbegani, na Karakana walewale.

Zilibaki dakika chache, tukiwa sare, moja kwa moja. Msabaha alitoka golini akaanguka. Yule Mnyamwezi akabaki na mpira, na mbele yake ni Mwinyijuma peke yake, mzee mwenye mvi. Jamaa, ambaye habari za mkewe zilikuwa zimemfikia, akapaza sauti: "Mtani! Mwanamvua kaolewa juzi, na mahari nimekula mimi!"

Uwanja mzima ulicheka. Msabaha alicheka akiwa bado chini. Nami nilicheka, sitasema uongo, kisha nikakumbuka mwaka jana. Mwinyijuma hakucheka wala hakununa. Macho yake hayakutoka kwenye mpira. Aliupokonya kama mtu anayeokota nazi iliyoanguka, akampigia Ausi, kijana wa timu yetu, na Ausi alikuwa peke yake upande wa pili. Goli.

Filimbi ilipolia, Mwinyijuma hakuja kwetu kwanza. Alimfuata yule Mnyamwezi, akamshika bega, na ndipo alipocheka, kicheko kirefu alichokuwa amekiweka. "Mahari umekula wewe?" akamwambia. "Basi na kulima mpunga ukalime wewe!" Walicheka wote wawili mpaka wakakaa chini kwenye chumvi. Mwinyijuma akaendelea, na baadaye tukaona kwamba hacheki tena, analia. Watani tulikuwa wengi pale. Hakuna aliyemtania.

Tunamshukuru kwa miaka yote hii: kwa mabwawa aliyoyatunza, kwa vijana aliowatetea ofisini, na kwa timu aliyoifufua. Nafasi yake ya beki ataichukua Ausi, ambaye bado anacheka mapema. Mimi nitakosa ile salamu ya asubuhi kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Mungu akupe afya, mtani, na mpunga usioliwa na ndege, na usingizi wa mtu aliye kwake.

Ofisi imekubali kombe liende naye, likae Mkange mpaka msimu ujao. Ataondoka kesho alfajiri, na Alhamisi usiku atalala Wami. Bi Mwanamvua amekwisha kupelekewa habari: mumewe anafika Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri.