Mfuko wa Buluu Ufukweni

Treni ya kwenda Doonside, kitongoji cha huko ughaibuni, ilikuwa nusu tupu, lakini Mama Gakii alikwenda kubanana na Venant, asiyemjua, kwa kuwa tu alimsikia akiongea Kiswahili kwenye simu. Akamwonyesha kiganja chekundu.

"Nilikwenda ufukweni na wajukuu, nikaokota mfuko wa buluu. Kwetu Kenya mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, nikaona nisafishe."

"Mama, ule haukuwa mfuko. Ni mnyama wa bahari, anawasha sana. Wajukuu hawakukuambia?"

"Waliniambia, kwa Kiingereza."

Venant alicheka, akajikuta anacheka peke yake. "Huyo mnyama hajui kuogelea, Mama. Upepo ndio unamleta."

"Na upepo ukishamtupa mchangani, anarudije kwao?"

Treni ikasimama. Venant, aliyetoka kwao Uvira mwaka wa tisa sasa bila kurudi, alilijua jibu. Akamwambia aloweke mkono kwenye maji ya moto, akashuka.