Mzee Msasa na Gari la Jambazi

Ndugu, jamaa na majirani, huyu baba yetu mliyemwita Mzee Msasa, kwa mikono iliyokwaruza hata ikisalimia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika chumba cha nyuma cha gereji ya baba yake, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1962, ingawa mwalimu wake alikiri kwamba darasani alikuwepo kiwiliwili tu, masikio yakiwa barabarani kwenye injini.

Mwaka 1965 aliajiriwa kunyoosha bodi za magari, na Agosti 1979 tajiri mmoja mpenda magari ya kale alimletea gari jeusi ambalo jambazi maarufu wa benki alilitumia kutoroka, lenye matundu ya risasi za polisi, naye marehemu, ambaye bodi yenye tundu ilimnyima usingizi, aliyaziba yote, akapiga msasa na rangi hadi mlango ukang'aa kama kioo, kumbe tajiri aliyataka matundu yale kuliko gari lenyewe. Tajiri alifoka, akaamuru yatobolewe upya kwa drili, bosi wa marehemu akamwambia atoboe au afungashe vifaa vyake, naye akafungasha, akisema kuziba ni kosa lake na analikubali, lakini risasi za uongo hatazitoboa. Kwa hasira tajiri alimwachia gari liwe ujira wake, naye marehemu akaanza nalo gereji yake mwenyewe, na kwa miaka mingi wenye magari ya kale ya majambazi na ya magendo walimfuata yeye, kwa sababu hakuyaongezea chumvi.

Mama yetu alikuja mwaka 1980 kushona viti vya gari hilo, viti vikaisha, yeye hakuondoka, wakafunga ndoa tarehe 4 Aprili 1981, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na tuseme wazi, nyumba ile ilikuwa na furaha.

Kifua kilimsumbua tangu mwaka 2021, akafariki asubuhi ya tarehe 6 Juni 2023, mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akikagua magurudumu ya vitanda vyao, majirani waliozoea kelele za nyundo, na mafundi wenzake wote.

Aliomba abebwe na gari lile jeusi, binti yake mkubwa aliendeshe taratibu, kwa kuwa limeshakimbia vya kutosha. Pumzika kwa amani, baba, hakuna anayekufukuza.