Kikopo Alichokiosha Dobi

Benchi lao liliegemea ukuta wa duka la Dobi, na kahawa ya jioni ikishamiminwa pale, hakuna mgonjwa asiyepata madaktari. Siku hiyo ilikuwa zamu ya mke wa Dobi. Miezi miwili mama wa watu anakohoa, na mashine ya hospitali ilishasema hana kifua kikuu. Dobi mwenyewe alikuwa na kikombe mkononi, hamu ya kubishana hana.

— Mashine gani haisikii kikohozi kinachoamsha mtaa? alianza Kinyozi.

— Haisikilizi! Inasaka vinasaba vya bakteria kwenye makohozi, alisema Redio, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hazimiki. Hata bakteria akiwa maiti, inamtambua.

— Basi umeme ulikatika, ikabahatisha.

— Wapi! Bakteria wa siku hizi wajanja. Wakiiona mashine wanavua vinasaba, wanaviacha mlangoni kama ndala.

— Redio, hebu kunywa kahawa yako, bwana!

Wakacheka. Dobi naye akacheka kidogo, kwa adabu tu.

Mlangoni alisimama dada mmoja, mpimaji wa maabara, aliyefuata koti lake jeupe.

— Samahani, wazee wangu. Kile kikopo cha makohozi mlichopewa hospitali, mlikitumia kama kilivyotolewa?

— Thubutu! alisema Dobi, kifua mbele. Mke wangu hapeleki uchafu kwa watu. Nilikisugua mwenyewe kwa dawa yangu ya madoa.

Yule dada akalitazama koti lake, jeupe pee.

— Baba, dawa hiyo ndiyo tunayofutia meza zetu. Inaharibu vinasaba. Huenda mashine haikubakiziwa cha kuona.

Dobi akaitazama mikono yake. Usafi wake wote ule, jamani, usafi wake!

— Arudie kipimo kesho, akasema dada kwa upole. Kikopo msikioshe. Yuko ndani?

— Yuko kwa binti yetu, amejifungua. Karatasi iliposema hana kitu, nilimwambia mimi mwenyewe aende akamsaidie.

— Na mtoto analala na nani?

Kinyozi akainamia kikombe chake. Redio akazimika. Juzi tu, kwenye benchi hilohilo, Dobi alikuwa amewapitishia simu mmoja mmoja waione picha: kitoto kimelala fofofo kifuani pa bibi yake.