Alama Mbili za Baba

Bibi alikuwa amekaa basini nyuma ya binti mmoja na mfamasia mzee, aliyempakatia binti huyo mafaili yake bila hata kuombwa. Kazi ya binti, kama Bibi alivyoisikia, ilikuwa kupima ripoti za majaribio ya dawa na kuzipa alama, huku majina ya waandishi yamezibwa kwa karatasi ili mtu asipendelee.

"Leo kuna ripoti nimeipa mbili kati ya tano," binti alisema. "Nilipobandua karatasi, mwandishi ni baba yangu mzazi."

"Makubwa haya! Mwanangu, si ungemwongezea moja tu ya shikamoo?"

"Wagonjwa kumi na wanne waliacha dawa katikati, mzee wangu, na ripoti haisemi kwa nini. Je, kama iliwadhuru?"

"Lakini ndiye aliyekusomesha."

"Ndiye aliyenifundisha kuwahesabu hata wanaoondoka."

Mfamasia alicheka, akasema kichwa kigumu namna hiyo hakiokotwi barabarani, mtu hukirithi. Bibi, ambaye hayakumhusu, akajikuta anajivuna kana kwamba binti huyo ni mjukuu wake wa damu.

Simu ya binti ikalia. Akaketi wima. "Shikamoo, Baba. Ndiyo, zile mbili nimezitoa mimi."

Basi likasimama. Bibi akanyoosha shingo asikie baba anajibu nini, lakini binti alikwisha kushuka, simu sikioni na kichwa juu, na mfamasia anamkimbilia na mafaili yake.