Antipasi Ntandu na Chupa Zake za Kahawia

Baba Paroko, ndugu wa ukoo, wakwe zetu mliotoka Manyoni, majirani wa Itigi, mimi ni Fredrick, mdogo wake marehemu, tumbo moja, nimesimama kwa niaba ya familia, na kabla sijaanza niseme kwamba nimeombwa nifupishe na nisiguse mambo ya send-off, ile sherehe ya kumuaga binti yetu Aneth, nami sitafupisha, kwa sababu tangu Jumatatu mji huu unasema kaka yangu amejiua.

Marehemu Antipasi Clement Ntandu alizaliwa Mtinko tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa tatu wa mzee Clement na mama Winfrida, ambao wametangulia, akasoma shule ya msingi hapohapo Mtinko kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akachunga mbuzi wa baba, mwaka 1976 akaenda Dodoma kujifunza upigaji picha, na Mei 1981 akafungua studio hapa Itigi karibu na stesheni, na wengi wenu picha zenu za kipaimara zilitoka humo. Tarehe 22 Novemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yangu Cecilia, wakajaliwa Noel mwaka 1989 na Aneth mwaka 1996.

Simu za kamera zilipokuja akaambiwa kazi yake imekufa, hakuifunga studio, vijana wa Dodoma waliendelea kumletea filamu azisafishe kwa mkono. Dawa za kusafishia alizihifadhi kwenye chupa za kioo za kahawia zenye mdomo mwembamba, kwa kuwa mwanga na hewa huziharibu, na dawa ikipungua alidumbukiza gololi ndani mpaka ipande tena shingoni, hewa isipate nafasi. Chupa za maji ya kunywa alizipiga marufuku kabisa, akisema dawa hizo ukizitazama ni maji tu, na mwenye kiu hasomi. Kila chupa aliibandika karatasi yenye alama nyekundu ya hatari, nasi tukamcheka kwamba mzee ana maringo na chupa kuliko bibi harusi na vyombo vyake.

Sasa sikilizeni. Tarehe 12 Juni mwaka huu marehemu alikwenda Mtinko kuwaita wazee waje kwenye send-off ya Aneth, maana wazee hawaitwi kwa simu, na huku nyuma kamati, chini ya mwenyekiti wake binamu yetu Sostenes, ambaye amekaa pale mbele, ikataka chupa nzuri za kuwafungia wakwe asali. Marehemu alikuwa ameshawakatalia, lakini huku kwetu asali ikishatoka porini chombo hakina mwenyewe, anayenyima chombo huitwa mchoyo, basi wakafungua chumba chake cha giza, wakaloweka zile karatasi za hatari zikabanduka, gololi wakawagawia watoto, na kwa kuwa kumwaga dawa ya mtu ni ufidhuli, wakaimimina kwenye chupa za maji, wakazifunga vizuri, wakazipanga kando ya katoni za maji ya wageni. Wakaona wamefanya wema. Na asali hiyo, wakwe zetu, kama bado mnayo, msiile, ifukieni.

Jumamosi tarehe 14 marehemu alifika na wazee mchana, akaingia ukumbini moja kwa moja bila kupita kwake, akatoa neno la baba, koo likamkauka, akachukua chupa mezani akapiga mafunda mawili, akajua palepale. Sasa huyo mnayesema alitaka kufa alifanya nini? Alikwenda meza ya wakwe akawanyang'anya chupa, moja aliitoa mkononi mwa bwana harusi, akiwaambia ni dawa ya picha, wasinywe. Sostenes akamwagiza mshereheshaji aongeze muziki, wanaume wawili wakamshika kaka yangu wakamkalisha nyuma ya jiko wakisema amelewa, anamwaibisha binti yake, mtu ambaye hajagusa pombe maisha yake yote, akawaeleza, wakamwambia aheshimu wageni. Alipoanza kutapika na kukakamaa ndipo wakatafuta gari.

Alifariki hospitalini Jumatatu tarehe 16 Juni, alfajiri, na kufikia mchana kamati ilikuwa imeshatangaza kwamba hakumtaka mkwe, akanywa sumu, wakathubutu hata kumuuliza Baba Paroko kama jeneza litaingia kanisani. Hawana haya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye siku zote mbili, wapiga picha wenzake waliotoka Dodoma, majirani mliolala nasi msibani, na zaidi mkwe wetu Enock, bwana harusi mwenyewe, ambaye alikwenda peke yake kwa Baba Paroko kueleza alichokiona, na ndiye aliyebeba msalaba leo. Kamati siishukuru.

Kaka Antipasi, hakuna mtu mwingine aliyekunywa baada yako, ulihakikisha. Nenda kapumzike, amani iwe yako, sisi huku bado tuna maneno.