Kufuli la Shangazi Linarudi Nyumbani

Tarehe 30 Juni, king'ora cha saa nane mchana kitakapolia, Shangazi Kufuli atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya kazi katika kiwanda chetu cha magodoro, na hatarudi tena kesho yake. Aliingia akiwa mkataji wa sponji, akahamia kwenye mashine ya kusaga mabaki, na anaondoka akiwa mwakilishi wa usalama wa tawi la chama cha wafanyakazi.

Kwa kawaida ukurasa huu wa programu ya hafla ya kuaga huandikwa na mfanyakazi mwenza wa anayestaafu. Safari hii tawi liliona uandikwe na mtoto wa mfanyakazi, kwa sababu Shangazi mwenyewe hupenda kusema kwamba usalama wa kiwandani hupimwa nyumbani, jioni, kwa kutazama nani amerudi na nani bado. Sisi watoto wa mtaa wa nyuma ya kiwanda tumekuwa tukiupima hivyo tangu tulipojua kusimama mlangoni.

Si shangazi wa mtu mmoja. Aliitwa hivyo kwa kuwa huwagombeza wafanyakazi wote kama watoto wa kaka yake. Wenzake wanasema hajawahi kusalimia kwa "habari za asubuhi." Salamu yake ni "kufuli lako liko wapi?" Inasimuliwa kwamba hata kwenye harusi ya fundi umeme, ilipofika zamu yake ya kumpa mkono bwana harusi, alimuuliza vivyo hivyo, na bwana harusi akajipapasa mifukoni kabla hajakumbuka kwamba siku hiyo hakuwa kazini.

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kuingia kiwandani, inafaa kueleza habari ya Fisi. Hilo ni jina la mashine ya kusaga mabaki ya sponji, na amepewa kwa sababu hachagui chakula: vipande vya godoro, uzi, kitambaa, chochote kinachotumbukia. Tumboni ana meno ya chuma. Kila zamu inapokwisha lazima mtu apenye kwenye kimlango cha pembeni, aingie kabisa, ayanyofoe mabaki yaliyonasa kwenye meno. Swichi yake iko upande wa pili wa ukuta, na anayesimama kwenye swichi hamwoni aliye ndani.

Katika mwaka wa tisa wa kazi ya Shangazi, kijana aliyeitwa Dogo alikuwa humo ndani akisafisha. Mfanyakazi aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia zamu aliona mashine imezimwa, akadhani imesahauliwa, akainua swichi. Aliyekimbia kuishusha ni Shangazi. Dogo alipona, ila mkono wake wa kushoto haukupona. Leo ndiye bawabu wetu, na huwaambia wageni wasimwombe kuwabebea mizigo, maana mkono wa kubebea alishamkopesha Fisi na Fisi harudishi. Watu hucheka. Shangazi hajawahi kucheka.

Chama kiliomba kila anayeingia ndani ya Fisi apewe kufuli lake la kufungia swichi. Kiwanda kikajibu kwamba jambo hilo litaangaliwa baadaye. Shangazi hakungoja baadaye. Alilitoa kufuli kwenye mlango wa nyumba yake, akalifunga kitambaa cha buluu chenye madoadoa meupe ili lijulikane, akaenda nalo kazini. Kabla ya kuingia ndani ya Fisi alilipitisha kwenye tundu la swichi, akalifunga, akauvaa ufunguo shingoni. Nyumba yake akaifunga kwa kamba.

Wiki iliyofuata milango mingi ya mtaa ilikuwa na kamba. Wake walitoa makufuli ya majumbani wakawapa waume zao, waume wakawapa wake zao, na kila nyumba ikafunga kitambaa chake. Bibi mmoja asiye na ndugu kiwandani alitoa kufuli la banda la kuku. Mtaa mzima ulikaa bila makufuli na hakuna aliyeibiwa. Inasemekana hata wezi walikuwa na ndugu zao kwa Fisi. Baadaye kiwanda kilikubali kununua makufuli mapya, lakini wengi waliendelea na yale ya nyumbani. Kufuli la mama yangu, ambaye husafisha Fisi zamu ya mchana, lina kipande cha sketi yangu ya kwanza ya shule.

Sheria walizojiwekea ni chache, na watoto wa mtaa tunazijua kama tunavyolijua jedwali la kuzidisha kwa mbili. Kufuli ni mtu. Kila kufuli lina ufunguo mmoja tu, na ufunguo hautumwi. Kufuli likiwa kwenye swichi, mashine haiwashwi mpaka mwenyewe aonekane kwa macho, alifungue kwa mkono wake.

Yako mengine aliyoyapigania Shangazi pamoja na chama. Feni za kuvuta vumbi kwenye chumba cha kukatia ni kazi yake. Barakoa za wapaka gundi ni kazi yake pia, na alizipata baada ya kumwalika meneja wa wakati ule kunywa chai katika chumba cha gundi. Meneja hakuimaliza chai. Kwa miaka mingi alikaa na familia zetu kila Jumamosi katika ukumbi wa chama, akitufundisha dalili za kifua kilichojaa vumbi, ili mtu akikohoa nyumbani asiambiwe tu anywe maji ya moto.

Hata hivyo, miezi hii ya mwisho haikuwa ya furaha tupu. Msimamizi wetu mpya alipendekeza makufuli yote yaondolewe, libaki moja tu, na ufunguo ukae ofisini kwake. Si mtu mbaya. Naye ana wakubwa wanaompigia simu kila saa kuuliza magodoro yamefika wapi, na makufuli mengi huchelewesha kazi. Chama kilipokataa, alijibu kwa upole kwamba jambo hilo litatazamwa Shangazi akishaondoka.

Maneno hayo yalitoka kiwandani yakaingia katika kila nyumba. Akishaondoka. Mama aliyarudia akiosha vyombo. Shangazi naye alikonda. Jirani yake alisema alikuwa akimsikia akitembea chumbani wakati wenzake wamelala. Hakuhofia kuacha kazi. Alihofia kwamba alichokijenga kilikuwa kimesimama juu ya miguu yake peke yake, na miguu hiyo ilikuwa inaondoka.

Ndipo likatokea la Jumatano iliyopita.

Siku hiyo zamu ya asubuhi ilipomaliza kumsafisha Fisi, wanakamati wa kumuaga walimvamia Shangazi alipokuwa anatoka kwenye kimlango. Walimshika mkono, wakamwambia anatakiwa kwa fundi cherehani mara moja apimwe gauni la hafla hii, dakika mbili tu atarudi. Alikwenda na ovaroli lake, mkoba na simu vikabaki kabatini. Kwa fundi cherehani dakika mbili huwa hazijulikani mwisho wake. Alipomaliza kupimwa, king'ora kilikuwa kimelia zamani na wanakamati walikuwa wametawanyika. Nyumba yake ikiwa mlango wa pili kutoka hapo, aliingia kupumzisha miguu.

Zamu ya mchana ilipofika kwa Fisi, ilikuta kufuli moja kwenye swichi. Lilikuwa na kitambaa cha buluu chenye madoadoa meupe.

Walimwita, hakuitika. Walipiga simu yake, ikalia ndani ya kabati. Mkoba wake ulikuwepo. Dogo aliulizwa kama alimwona akitoka, lakini wakati huo alikuwa akiliongoza lori lililokuja kuchukua magodoro, na hakuweza kuapa. Walimulika tumbo la Fisi kwa tochi wakaona patupu. Tatizo ni kwamba nyuma ya meno kuna kona ambayo tochi haifiki. Mtu mwembamba akizidiwa na vumbi anaweza kuangukia humo, na Shangazi ni mwembamba.

Lori lilikuwa linaunguruma nje. Msimamizi alisubiri, akatazama saa, kisha akaagiza fundi alete kikatio cha chuma, akisema kwamba mama huyu amestaafu kabla ya tarehe yake na amekwenda zake.

Mama yangu hakubishana. Alitoa kufuli lake, akalifunga ubavuni mwa lile la buluu, akaingia ndani ya Fisi kumtafuta.

Wakati huohuo mwanafunzi mmoja, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu, alikuwa akipita getini kutoka shule. Dogo alimwambia kwamba mama yake yuko ndani ya Fisi anamtafuta Shangazi, na fundi ameshafika na kikatio. Kisha akamwelekeza mtaani.

"Mwanangu, kimbia kwa Shangazi," alisema. "Usipomkuta usirudi unalia. Rudi unakimbia."

Shangazi alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa kimeinama, ufunguo unaning'inia shingoni. Alipoambiwa, aliushika ufunguo kwanza, kama mtu anayepapasa jeraha. Nilimwomba anipe nikimbie nao, kwa sababu miguu yangu ni mepesi na mama alikuwa mle ndani. Alikataa. Ufunguo hautumwi, alisema, hata leo. Akatoka na viatu vya ndani.

Njiani aliniuliza jambo moja tu.

"Wamelikata?"

Sikujua. Tulitembea kwa haraka kadiri alivyoweza, na ilikuwa safari ndefu ya kwenda mahali pa karibu. Kila nilipotaka kukimbia nilikumbuka kwamba kufika bila yeye hakutasaidia kitu. Nadhani alikuwa akisikiliza kama Fisi ananguruma. Mimi pia nilikuwa nikisikiliza.

Dogo alitufungulia geti, akanivika kofia ngumu, akaniruhusu nifike mlangoni tu.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya swichi na kikatio mkononi, hajui aanzie wapi. Makufuli yalikuwa yamejazana kama ndizi kwenye mkungu. Mama alipoingia ndani ya Fisi, mwenzake wa kwanza alitundika lake, akafuata wa pili, kisha wapaka gundi, kisha wakataji ambao hawana kazi yoyote na Fisi. Nafasi kwenye tundu ilipokwisha, waliosalia waliyafunga makufuli yao kwenye makufuli ya wenzao. La buluu lilikuwa chini ya yote, zima. Mama alikuwa ameshatoka, nywele zimejaa manyoya ya sponji kama ajuza mwenye mvi. Alikuwa amefika kwenye ile kona akaipapasa yote. Msimamizi alikuwa anamwambia kwamba basi, amejionea mwenyewe, ndani hamna mtu.

"Hamna mtu ndani, nimeona," mama alijibu. "Lakini kufuli ni mtu, bosi. Tuonyeshe mtu kwanza."

Mtu alikuwa amesimama nyuma yao na viatu vya ndani.

Wengine watawasimulia jinsi Shangazi alivyoomba radhi kwa kosa lake la kwanza la namna hiyo, na jinsi wanakamati wa gauni walivyogombezwa kesho yake mmoja mmoja. Ninachokumbuka mimi ni kwamba hakwenda moja kwa moja kufungua. Alisimama akaitazama ile swichi kwa muda, akigusa kitambaa kimoja baada ya kingine, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Walifungua ya juu kwanza, kila mtu lake, mpaka likabaki moja. Akalifungua yeye mwenyewe. Lori liliondoka limechelewa, lakini liliondoka.

Si kweli kwamba mambo yamekwisha. Pendekezo la kufuli moja halijafutwa, na kikao cha chama na uongozi ni wiki ijayo. Nafasi ya mwakilishi wa usalama iko wazi. Mama ameombwa aigombee, naye amesema atafikiri, jambo ambalo kwa mama si kukataa. Lakini kikatio kilirudishwa stoo siku ileile, na aliyekirudisha ni msimamizi mwenyewe. Na jirani anasema kwamba tangu Jumatano hasikii tena mtu akitembea chumbani.

Shangazi, uongozi wa tawi, wafanyakazi wenzako wa zamu zote, Dogo wa getini na familia za mtaa tunakushukuru kwa kila jioni ambayo mlango ulifunguliwa na aliyetarajiwa akaingia. Mimi nakushukuru kwa jioni za nyumbani kwetu.

Kufuli lako sasa ni ruhusa kurudi kwenye mlango lilikotoka. Fungua ile kamba. Tunakutakia maisha marefu yenye afya, chai isiyo na harufu ya gundi, na usingizi wa mchana usiokatizwa na mtoto wa mtu anayegonga hodi. Ukisikia Fisi ananguruma, usiamke. Waliokuwamo wametoka wote, na kila mmoja ameonekana.